Maswali ya Wasomaji: Mvua, Mabomba ya Majitaka na Sumu Zinazofika Mtoni

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: vichafuzi vya kikaboni vinavyoingia katika mito ya mijini mvua inaponyesha, ama kwa kupitia mitaro ya maji ya mvua, ama kwa kupitia mifumo ya majitaka inayofurika. Tumechagua nane na kuzifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini neno "kikaboni" linasifiwa kwenye mboga na kulaaniwa kwenye mto, nami nikakosa jibu la kuwaridhisha.

JIBU: Wanafunzi wako wameuliza vyema, kwa sababu neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Sokoni, kikaboni ni kile kilichokuzwa bila mbolea na viuatilifu vya viwandani. Katika kemia, kikaboni ni kampaundi yoyote ambayo umbo lake limejengwa juu ya atomi za kaboni, kwa kawaida zikiwa zimeshikana na hidrojeni. Kwa maana hii ya pili sukari ni ya kikaboni, oili ya injini ni ya kikaboni, na hata DDT, ambayo ndiyo hasa mkulima wa mboga hizo anaikwepa, ni ya kikaboni.

Mtoni kuna makundi mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Kundi la kwanza ni mata inayooza kwa urahisi: kinyesi, mabaki ya chakula, majani. Hii si sumu kwa yenyewe, lakini bakteria wanaoila hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 haibebi zaidi ya miligramu 9 hivi za oksijeni, ilhali lita moja ya majitaka ghafi ya nyumbani huhitaji miligramu 200 hadi 300 ili mata iliyomo ivunjwevunjwe katika siku 5 za kipimo cha maabara. Ndiyo maana majitaka mengi yakimwagika katika mto mdogo, samaki huanza kuhema juu ya maji, na wengine hufa, hata kama hakuna sumu yoyote iliyoingia.

Kundi la pili ni kampaundi zilizotengenezwa au kuzalishwa na shughuli za binadamu, ambazo kiasi chake hupimwa kwa mikrogramu na nanogramu: dawa za binadamu, homoni, viuatilifu, viambato vya matairi, mabaki ya moshi wa magari. Hizi haziondoi oksijeni kwa kiwango cha kuonekana. Madhara yake ni ya namna nyingine, na barua zinazofuata zinahusu zaidi kundi hili.

SWALI: Mimi ni fundi bomba mstaafu. Naomba mnieleze kwa nini wahandisi walijenga kwa makusudi tundu la kumwaga majitaka mtoni, halafu leo kila mtu anashangaa yanapomwagika.

JIBU: Fundi, umegusa penyewe. Miji mingi ya zamani ilijengewa bomba moja linalobeba vyote viwili, majitaka ya majumbani na maji ya mvua kutoka barabarani na mapaani. Siku kavu bomba hilo hupeleka kila kitu kwenye mtambo wa kusafisha majitaka bila shida. Mvua kubwa ikinyesha, maji huongezeka mara nyingi kuliko ya siku kavu, na mtambo hauwezi kuyameza yote. Kama hayana pa kutokea, yatarudi nyuma na kuibukia vyooni na kwenye sakafu za nyumba zilizo bondeni. Kwa hiyo ndani ya chemba hujengwa kizingiti; maji yakivuka kimo chake, ziada huangukia kwenye bomba jingine linaloelekea mtoni. Kati ya maovu mawili, wahandisi walichagua lile lisiloingia ndani ya nyumba.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa London. Katika kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulizidi hata wabunge, ambao jengo lao liko kandokando ya mto huo, wakashindwa kuupuuza. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa idhini na fedha za kujenga mabomba makuu ya kukinga majitaka kabla hayajafika mtoni na kuyapeleka mashariki, mbali na mji. Matundu ya ziada yalikusudiwa kwa mvua nzito. Baadaye mji ukakua, ardhi iliyokuwa ikinywa mvua ikafunikwa kwa zege na lami, na matundu yaliyowekwa kwa ajili ya dharura yakawa yanamwaga majitaka hata kwa mvua za kawaida. Handaki la Tideway, lenye urefu wa kilomita 25 na upana wa takriban mita 7, ambalo maunganisho yake yote yalikamilika mwaka 2025, limechimbwa ili kukamata maji hayo na kuyahifadhi mpaka mtambo upate nafasi ya kuyasafisha.

Kwa hiyo tundu lenyewe halikuwa uzembe. Uzembe, kwa maoni yetu, ni kuliacha lihudumie mji ambao si ule tena uliojengewa.

SWALI: Mhandisi wa mtambo wetu anajivunia kwamba wanaondoa asilimia 98 ya uchafu, na kwamba kinachomwagika wakati wa mvua ni asilimia 2 tu ya majitaka ya mwaka mzima. Je, si sahihi kusema kwamba tatizo la kufurika limekuzwa kupita kiasi?

JIBU: Takwimu hizo mbili zikitajwa kila moja peke yake hutuliza moyo. Zikiwekwa pamoja husema jambo tofauti kabisa, nasi tungependa kulieleza taratibu, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha somo lote.

Tuchukue dutu moja ambayo mtambo unaiondoa vizuri, na tuseme kilo 100 zake huingia katika mabomba ya mji kwa mwaka. Asilimia 2, yaani kilo 2, humwagika mtoni zikiwa ghafi. Kilo 98 zilizobaki hufika mtamboni, ambako asilimia 98 yake huondolewa, na kilo 1.96 hutoka pamoja na maji yaliyosafishwa. Basi mto umepokea karibu kilo 4, na nusu yake imetoka kwenye ule mwagiko mdogo uliodharauliwa. Sasa tuseme mji umetumia fedha nyingi kuboresha mtambo mpaka ukaondoa asilimia 99.9. Mtambo utatoa kilo 0.098 tu, lakini zile kilo 2 ziko palepale, nazo sasa ni zaidi ya asilimia 95 ya kinachofika mtoni. Kadiri mtambo unavyokuwa bora, ndivyo tundu la kufurika linavyokuwa chanzo kikuu.

Hesabu hii ni ya mezani, lakini ina ushahidi wake. Katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, watafiti walipima kwa muda mrefu maji yaliyosafishwa na yale yaliyofurika, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo yao: maji yaliyofurika yalikuwa kama asilimia 10 tu ya maji yote yaliyotoka katika mfumo huo kwa mwaka, lakini kwa homoni na kampaundi nyingine ambazo mtambo unaziondoa vizuri yalibeba kati ya asilimia 40 na 90 ya mzigo wote wa mwaka, yaani jumla ya uzito wa dutu hizo uliofika majini.

Hata hivyo, mhandisi wenu asihukumiwe kwa dutu zote kwa kipimo kimoja. Kabamazepini, dawa inayotumiwa na wagonjwa wa kifafa, hupita katika mtambo wa kawaida karibu bila kuguswa. Tuseme mtambo unaondoa asilimia 10 tu yake: kati ya kilo 100, kilo 2 zitamwagika wakati wa mvua na kilo 88 zitapita mtamboni na kutokea upande wa pili. Kwa dutu ya namna hiyo kuziba matundu yote hakutaleta tofauti ya kutajwa. Kinachohitajika ni hatua ya ziada mtamboni, kwa ozoni (gesi inayovunja kampaundi hizo) au kwa mkaa amilifu (mkaa ulioandaliwa kuzinasa), kama Uswisi ilivyoanza kufanya kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 2016. Kwa hiyo swali "mafuriko ya majitaka yana madhara kiasi gani?" halina jibu moja mpaka uulize kwanza, "madhara ya dutu ipi?"

Wabunge wa Ulaya wameliona hili kwa kiasi fulani. Maagizo mapya ya Umoja wa Ulaya kuhusu majitaka ya mijini, yaliyoanza kutumika mwaka 2025, yanaweka shabaha isiyo ya lazima kwamba mafuriko ya majitaka wakati wa mvua yasizidi asilimia 2 ya mzigo wa majitaka wa mwaka, na papo hapo yanadai mitambo mikubwa iongeze hatua hiyo ya kuondoa vichafuzi vidogo ifikapo mwaka 2045. Ni shabaha ya kuridhisha, lakini msomaji ambaye amefuata hesabu yetu hapo juu anajua kwamba asilimia 2 si namba ndogo.

SWALI: Maabara ya mji wetu huchota maji ya mto kila mwezi, na ripoti husema hali ni nzuri. Je, tuiamini?

JIBU: Iaminini kwa siku ile iliyochotewa. Mwezi una saa zaidi ya 700, na mwagiko mmoja unaweza kudumu saa mbili au tatu. Chupa inayojazwa saa nne asubuhi ya siku kavu haiwezi kutoa ushahidi wa kilichopita usiku wa mvua. Anayetaka kuyajua mafuriko hutega kifaa kinachojichotea chenyewe maji mara kimo kinapopanda, tena kwa kadiri ya wingi wa maji yanayopita, ili sampuli moja iwakilishe tukio zima. Njia nyingine ni kupima mashapo ya chini ya mto, kwa kuwa kampaundi zisizopenda maji hugandamana na chembe za udongo na kutulia hapo, na hivyo mashapo huhifadhi kumbukumbu ambayo maji yenyewe yameshaondoka nayo. Lakini mashapo nayo hayasemi yote: dutu zinazoyeyuka vizuri, zikiwemo dawa nyingi, hazibaki humo.

SWALI: Sisi tuna bahati. Mji wetu ni mpya, mabomba ya majitaka ni tofauti na mitaro ya mvua. Nadhani suala hili halituhusu.

JIBU: Ndugu msomaji, linawahusu, ila kwa sura nyingine. Katika mfumo wa bomba moja, sehemu kubwa ya maji machafu ya barabarani husafishwa mtamboni pamoja na majitaka, angalau mvua inapokuwa ndogo. Katika mfumo wenu maji ya barabarani kwa kawaida hayasafishwi kamwe. Kila kilicho juu ya lami, paa na kuta huenda mtoni moja kwa moja.

Tuanze na barabara. Moshi wa magari, oili inayovuja na lami yenyewe hutoa kundi la hidrokaboni zenye pete kadhaa za kaboni, linaloandikwa kwa kifupi PAH, na baadhi yake husababisha saratani. Chanzo kimoja kilichokuwa kimesahaulika ni rangi nyeusi ya lami ya makaa ya mawe inayopakwa juu ya maegesho ya magari nchini Marekani ili yang'ae na yadumu. Magurudumu huikwangua, na mvua huosha vumbi lake. Mji wa Austin, Texas, uliipiga marufuku tangu mwaka 2006, na miaka iliyofuata kiasi cha PAH katika mashapo mapya ya ziwa la mji huo kikashuka kwa zaidi ya nusu. Ni nadra katika fani hii kupata mfano ambapo sababu na matokeo vinaonekana waziwazi namna hiyo.

Halafu kuna matairi. Kwa miongo kadhaa, katika vijito vya eneo la Seattle, samaki aina ya salmoni wa koho waliokuwa wakirudi kutoka baharini ili kutaga mayai walikuwa wakifa saa chache baada ya mvua, mara nyingi kabla ya kutaga, na hakuna kichafuzi kilichojulikana ambacho kilieleza vifo hivyo. Watafiti walichukua maji yaliyoloweka vipande vya matairi, wakayagawanya kikemia hatua kwa hatua, wakabaki kila mara na sehemu iliyoua samaki, mpaka mwishoni mwa mwaka 2020 walipotangaza dutu moja: 6PPD-kwinoni. Haikuwa kiambato cha tairi. Kiambato ni 6PPD, ambayo huwekwa katika mpira ili ozoni ya hewani isiupasue. Nayo inapokabiliana na ozoni hiyo, kama ilivyokusudiwa, hugeuka kuwa sumu. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita inatosha kuua nusu ya koho, ilhali salmoni wa chamu, ndugu yake wa karibu, huishi katika maji hayohayo. Jambo hili linapaswa kumtia wasiwasi kila anayeweka viwango vya usalama kwa kupima aina moja tu ya samaki.

Majengo nayo yamo. Rangi na lipu za nje hutiwa dawa za kuzuia kuvu na mwani, kama vile tabutrini, diuroni na kabendazimu, na mvua inayopiga ukuta huzitoa kidogokidogo, hasa miaka ya mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Uswisi waliokuwa wakifuatilia dawa za mashambani waligundua kwamba mekopropu, dawa ya kuua magugu, ilikuwa ikitoka kwenye mapaa ya mjini: ilikuwa imechanganywa katika karatasi za lami zinazotandazwa juu ya mapaa bapa ili mizizi isizitoboe. Mkulima alikuwa akilaumiwa kwa dawa ambayo sehemu yake ilitoka juu ya nyumba za watu wa mjini.

Mwisho, hakikisheni kwanza kwamba mabomba yenu kweli ni tofauti. Fundi mmoja akiunganisha bomba la mashine ya kufulia au la choo kwenye mtaro wa mvua kwa sababu ndio ulio karibu, hakuna mtambo wowote utakaoyaona maji hayo. Dalili nzuri ni kafeini, ile ya kahawa na chai, ambayo hufika chooni pamoja na mkojo wa wanywaji. Mitambo huiondoa karibu yote, wala haimo kwenye lami wala kwenye paa. Ikikutwa kwa wingi ndani ya mtaro wa mvua siku ambayo mvua haikunyesha, basi juu ya mtaro huo kuna majitaka ghafi yanayoingia, na kazi inayobaki ni kufungua chemba moja baada ya nyingine mpaka apatikane mwenye bomba.

SWALI: Mvua ikiwa kubwa, maji ni mengi na uchafu unazimuliwa. Kwa nini basi tuogope mvua kubwa kuliko ndogo?

JIBU: Mkusanyiko katika kila lita hupungua kweli kadiri mvua inavyoendelea, lakini mzigo unaofika mtoni huongezeka, na ni mzigo huo unaojaza mashapo. Tena mwanzo wa mvua, hasa baada ya siku nyingi za ukavu, maji ya kwanza huwa machafu kuliko yote yatakayofuata, kwa sababu yanazoa vumbi lililolala barabarani. Na katika mfumo wa bomba moja kuna ghala jingine lisiloonekana: tope lililotulia chini ya mabomba siku za maji machache. Utafiti uliofanywa mtaani Le Marais, Paris, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mata ya kikaboni inayotoka wakati wa mvua haikuletwa na mvua hiyo wala na vyoo vya saa ile. Ni tope la siku zilizopita lililoinuliwa na kasi ya maji.

SWALI: Je, tunaweza kuogelea siku inayofuata?

JIBU: Hapana. Subirini siku mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa, na hapo hatari ya kwanza si kemikali bali ni vijidudu vya kinyesi. Anayetaka kunywa maji hayo akumbuke pia kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa wala viuatilifu vingi.

SWALI: Halmashauri yetu inashindana: wengine wanataka handaki la kuhifadhia maji, wengine wanataka bustani za kunyonya mvua kando ya barabara. Mngeshauri nini?

JIBU: Mngeanza kwa kuuliza ni nini hasa kinachowaua samaki wenu. Handaki hukamata kilicho ndani ya mfumo wa majitaka. Chicago ilianza kuchimba mahandaki yake ya kina mwaka 1975 na kuyakamilisha mwaka 2006, yakiwa na urefu wa takriban kilomita 175, na hata baada ya hapo kazi ya mabwawa yanayoyapokea maji hayo iliendelea. Mji ambao tatizo lake ni kinyesi na dawa zinazofurika utapata faida kubwa. Mji ambao mitaro yake ya mvua haiunganiki na mabomba ya majitaka utakuwa umechimba shimo la gharama kubwa ambalo vumbi la matairi halitalipitia.

Bustani za udongo hufanya kazi ya namna mbili: hupunguza maji yanayoingia katika mabomba, na hivyo kizingiti huvukwa mara chache zaidi, na huchuja. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015, koho waliowekwa katika maji ghafi ya barabarani walikufa, na wale waliowekwa katika maji yaleyale baada ya kupitishwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji walinusurika. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya 6PPD-kwinoni kujulikana, yaani udongo ulikuwa ukiikamata sumu ambayo hakuna mkemia aliyekuwa ameipa jina.

Lakini udongo una mipaka, na hapa ndipo tungependa halmashauri ikae muda mrefu kuliko kwenye michoro. Kampaundi zinazogandamana na chembe, kama zile za PAH, hubaki katika sentimita chache za juu na kuvunjwa polepole na bakteria. Zile zinazoyeyuka vizuri, kama mekopropu, huweza kupenya haraka na kuelekea kwenye maji ya chini ya ardhi, hasa udongo ukiwa wa mchanga mtupu. Tabaka la juu huziba kwa tope laini na lazima likwanguliwe na kubadilishwa, na tope hilo lililokwanguliwa ni taka yenye sumu, si mbolea ya kupeleka shambani. Kabla ya kupiga kura, ulizeni katika bajeti kuna kifungu cha kulikwangua, kwa miaka mingapi, na litatupwa wapi.